Kanda la usufi: fasihi ya misafara na mkono usioandikwa

Tura ni kata ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, na ni stesheni pia kwenye Reli ya Kati. Ukitoka upande wa Dodoma kwa treni, ukishapita Manyoni na Itigi, unakata pori refu hadi unachoka dirishani, halafu ndipo unaingia Tura. Pori hilo wenye misafara wa karne ya 19 waliliita Mgunda Mkali. Waliliogopa kwa kiu, kwa njaa na kwa urefu wake. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo Oktoba 1857 akielekea Kaze, yaani Tabora ya leo, anaeleza kwamba jina Tura maana yake ni "tua", weka mzigo chini.

Maelezo ya wageni kuhusu majina ya mahali huwa nayapokea kwa tahadhari, lakini hili linaingia akilini. Watu wametembea siku kadhaa porini na mzigo begani, wanafika kwenye kijiji cha kwanza cha Unyamwezi chenye maji na chakula, wanatua. Majina mengi ya mahali yanatokana na kitu kinachoonekana: mti, mlima, rangi ya udongo. Hili, kwa maelezo hayo, limetoka begani.

Nimeanza na Tura kwa sababu nina neno na namna tunavyosoma, na tunavyoandika, kuhusu njia ile ya zamani ya Bagamoyo hadi Ujiji. Tumeifanya kuwa njia ya kutazamwa. Tunataka kujua msafara ulionekanaje: bendera ya kirangozi mbele, mstari mrefu wa wapagazi, pembe za ndovu zikimeta juani. Ni picha nzuri, inafaa kwa jalada la kitabu. Lakini msafara wenyewe kwa sehemu kubwa ulikuwa kazi ya kushika, kupima, kufunga, kuinua na kutua. Ukiusoma kwa macho peke yake unakosa karibu yote ambayo wenyewe walikuwa wanayajua.

Wahenga walishalisema hili: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huwa tunaitumia methali hii kuwasema watu wasio na huruma. Sawa, lakini hebu isome tena kama maelezo ya namna tunavyovijua vitu. Jicho linaona ukubwa wa kanda, haliwezi kuona uzito. Kanda lililojaa usufi na kanda lililojaa chumvi kwa mbali ni ndugu. Anayejua tofauti ni yule aliyeyainua. Kwa hiyo methali inasema jambo kali kuliko "uwe na huruma". Inasema kuna ujuzi ambao mtazamaji hanao kabisa, hata awe mwerevu na mwenye nia njema vipi.

Wanasaikolojia walichelewa kulifikia jambo hilo. Mjerumani David Katz alichapisha mwaka 1925 kitabu kizima kuhusu ulimwengu wa mguso, akisisitiza kwamba mkono usiosogea haujui mambo mengi. Mwaka 1962 Mmarekani James Gibson alitumia vibati vya kukatia biskuti. Ukimgandamizia mtu kibati kiganjani, anababaika kutambua umbo lake; ukimwachia akizungushe mwenyewe kwa vidole, anakitambua vizuri zaidi. Halafu mwaka 1987 Susan Lederman na Roberta Klatzky wakaonyesha kwamba mikono yetu ina mienendo yake maalumu, kila mmoja na swali lake. Ukitaka kujua ulaini, unapitisha kidole huku na huku. Ukitaka ugumu, unabonyeza. Ukitaka joto, unatuliza mkono juu ya kitu. Uzito, unakiinua kikaning'inia mkononi. Ukubwa, unakifumbata. Umbo kamili, unafuata ukingo wake kwa kidole.

Nilipousoma mpangilio huo kwa mara ya kwanza nilicheka, maana ni kama mtu amekaa na kamusi ya Kiswahili akaipanga upya. Sisi hatuna kitenzi kimoja cha mguso. Tuna kugusa, tuna kushika, tuna kupapasa kwa anayetafuta asichokiona, kutomasa kwa anayepima embe kama limeiva, kufikicha kwa anayesugua punje kati ya vidole, kubinya, kukanda, kufumbata, kupakata. Hata viasi tunavitaja kwa mkono. Ukufi ni kile kinachojaa kiganja kilicho wazi, konzi ni kile kinachojaa kiganja kilichofumbwa. Kila neno limebeba mwendo wake na kila mwendo unaleta habari yake. Lugha yenye utajiri huo inastahili fasihi inayoutumia. Je, tunayo?

Tuanze na Burton. Kitabu chake cha safari ya maziwa makuu, kilichotoka mwaka 1860, ni hazina, na kina dharau nyingi pia. Hayo yanajulikana. Kinachonivutia ni kiambatisho chake cha biashara, kurasa ambazo wengi huziruka. Mle ndani yule mtu wa macho anajikuta hana ujanja, inabidi aandike kwa lugha ya mkono. Vitambaa vinapimwa kwa mkono, yaani dhiraa, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti. Shanga zinahesabiwa kwa khete, uzi ambao urefu wake unatokana na mkono, na khete 10 ni fundo. Uzito ni frasila, ratili kama 35, kilo 16 hivi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, na juu yake aliongeza vyake mwenyewe: mkeka, chungu, chakula, silaha.

Sasa angalia kinachotokea Burton anapotoka kwenye kiambatisho na kurudi kwenye simulizi. Anaeleza vurugu za asubuhi msafara unapoanza, wapagazi wakigombania mizigo, kila mmoja akitaka ule mwepesi. Yeye anaona utovu wa nidhamu na ubinafsi. Mimi, nikiwa na methali ile ya usufi kichwani, naona watu wanaosoma. Mpagazi anainua mzigo, anaupima, anautua, anainua mwingine. Anauliza kwa mkono maswali ambayo jicho haliwezi kumjibu: uzito umekaa wapi, katikati au upande mmoja? Ukingo huu utakata bega au utalala juu yake? Kitambaa kikiviringishwa vizuri kinafuata umbo la bega. Sanduku la Mzungu lina kona, na kona haibembelezwi. Mtu atakayelala na kuamka na kitu hicho kwa miezi mitatu ana haki ya kukisoma kabla ya kukikubali. Burton alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye somo zito kabisa la elimu ya mguso katika safari yake yote, akaandika kwamba watu wana kelele.

Pia kuna habari ya merikani. Kile kitambaa kisichopaushwa kilikuja kwa meli kutoka Massachusetts, kikaingia Zanzibar kupitia wafanyabiashara wa Salem, na kikawa kama fedha hadi ndani ya bara. Kilikuwa na waigaji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, vitambaa vya Uingereza na baadaye vya Bombay vilikimbilia kujaza pengo. Jicho la haraka lingevichanganya, maana vyote ni vya pamba mbichi. Lakini mnunuzi wa bara hakuwa mjinga. Kitambaa kinashikwa kati ya kidole gumba na cha shahada, kinasuguliwa ili wanga wa kiwandani ujitokeze, kinavutwa kuona kama nyuzi zimebanana. Historia ya uchumi wa dunia, Massachusetts, Manchester na Bombay, ilikuwa inaamuliwa pia kati ya vidole viwili vya mtu wa Unyanyembe. Vitabu vyetu vya shule vinasema tu kwamba Waafrika "walipewa vitambaa na shanga" kana kwamba walipewa peremende.

Je, Waswahili wenyewe walipoandika, mambo yalikuwa tofauti? Kiasi. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mkazi wa Tabora, aliacha maisha yake kwa maneno yake mwenyewe, na Heinrich Brode akayachapa mwanzoni mwa karne ya 20. Ni nathari kavu kwelikweli. Hakuna machweo, hakuna mandhari. Kuna fulani alikuja, tulipigana, tulipata pembe frasila kadhaa, bei ilikuwa hivi. Wapo wanaoiona nathari hiyo maskini. Mimi naiona kama nathari ya mizani: kila kitu kinaingia kwenye sentensi baada ya kupimwa. Wale wasafiri ambao Carl Velten alikusanya habari zao katika Safari za Wasuaheli, kitabu cha 1901, nao wanahesabu doti na mahongo kwa namna hiyohiyo. Hapa vitu vina uzito, na hilo ni jambo kubwa.

Lakini ni uzito wa mwenye mali. Tippu Tip anakwambia pembe zilikuwa frasila ngapi, hakwambii frasila hizo zilifanya nini kwenye shingo ya mtu kati ya Mgunda Mkali na Tura. Anayepima si anayebeba. Na kipimo chenyewe kina swali lake lililofichwa: tukisema mkono, ni mkono wa nani? Mtu mrefu na mtu mfupi hawatoi shuka moja. Kila doti iliyotolewa njiani ilikuwa na mwili wa mtu fulani ndani yake, na kila mapatano yalikuwa pia mapatano kuhusu ni mwili gani utakaotumika kupimia. Fasihi ya misafara imejaa shuka na doti, ila ile mikono iliyonyooshwa kuzipima haina majina.

Ukitaka kuona nathari ya Kiswahili inayoandika mkono ukiwa kazini, inabidi utoke kidogo kwenye njia ya misafara upande wa kaskazini, uvuke maji hadi Ukerewe, kwa Aniceti Kitereza. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliiandika kwanza kwa Kikerewe katika miaka ya 1940. Ilitoka kwa Kiswahili, tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980. Wasomaji wengi wananiambia waliishia njiani. "Hadithi haisogei," wanasema. Myombekere anatakiwa apeleke pombe ya ndizi ukweni ili arudishiwe mke wake, na badala ya kuandika kwamba aliipeleka, Kitereza anatuketisha tufuate ndizi zinavyokatwa, zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, nani ameshika nini, na jirani gani amekuja kusaidia.

Mimi nadhani hadithi inasogea vizuri sana, ila inasogea kwa mwendo wa mikono. Jicho lingekuwa limemaliza kwa sentensi moja: mitungi ya pombe ilikuwa tayari. Mkono hauwezi kumaliza haraka hivyo, kwa sababu mkono unajua kitu kidogo kidogo, hatua kwa hatua. Ndiyo maana pombe ile inapofika ukweni msomaji anajua bei yake, si kwa kuambiwa kwamba Myombekere alimpenda mkewe bali kwa sababu naye amechoka. Amebebeshwa. Kanda halikuwa la usufi. Hili ni jambo ambalo wahakiki wetu, tukiwa tumelelewa kutafuta dhamira na migogoro, tunalipita na kuliweka kwenye fungu la "mila na desturi".

Hata hivyo nisiusifu mkono kupita kiasi. Njia ileile iliyopitisha merikani ilipitisha watumwa, na mnunuzi wa watumwa naye alikuwa mjuzi wa mguso. Alibinya misuli, alifungua midomo, alipapasa viungo. Soko la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873 mikono hiyo ilikuwa na mazoezi ya vizazi. Mienendo ni ileile ya kwenye kitambaa: kubonyeza, kufuata ukingo, kuinua. Ujuzi wa mkono unaweza kumgeuza mtu kuwa kitu, na fasihi inayosifia mguso bila kulitaja hili inadanganya.

Hapo ndipo ninapoirudia Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Kiingereza chake kilitoka 1994, Kiswahili cha Ida Hadjivayanis kilitoka 2022, mwaka mmoja tu baada ya mwandishi kupata Nobel. Kijana Yusuf ameondolewa kwao kulipia deni la baba yake kwa mfanyabiashara Aziz, kwa hiyo ni rehani, kitu kilichowekwa. Na tazama anavyoshikwashikwa. Dukani Ma Ajuza anamvamia na kumkumbatia kwa mzaha ambao si mzaha. Kwenye msafara anasogelewa na macho na mikono asiyoitaka. Kila mtu anasema ni mzuri, na kila anayesema hivyo anajiona ana ruhusa ya kumgusa. Gurnah anaweka biashara ya bidhaa na mwili wa kijana kwenye kurasa zilezile, bila hotuba. Mkono unaochagua mali ndio huohuo unaomchagua Yusuf.

Halafu anaugeuza mchezo. Bibi wa nyumba, Zulekha, ana doa usoni, na anaamini mkono wa Yusuf ukiligusa atapona. Ghafla kijana aliyekuwa anashikwa na kila mtu anatakiwa yeye awe ndiye mkono. Lakini je, huo ni mkono wake? Kumbuka kibati cha Gibson: mkono unaosogezwa na mwingine haujui kitu. Yusuf anawekewa uso wa mtu chini ya kiganja chake, hakuutafuta. Anagusa bila kujua, na kwa ugusaji huo anaingia kwenye hatari iliyo kubwa kuliko safari yote ya bara.

Anayeijua Sura ya Yusuf katika Kurani atakuwa ameshasikia mwangwi. Kule wanawake wa mjini wanamwona Yusuf na kwa mshangao wanajikata mikono. Naisoma sehemu ile kama onyo la msingi kwa mada yetu: jicho likizidiwa, mkono unasahau hata kisu ulichokishika. Gurnah amechukua kisa ambacho jicho linaujeruhi mkono, akakiweka kwenye njia ambayo mikono ya watu ilikuwa inajeruhiwa kila siku kwa ajili ya vitu vya kupendeza macho: pembe za ndovu, shanga, hariri. Kwangu hilo ndilo jambo zito zaidi kwenye riwaya, na kusoma tafsiri kwa lugha yenye kupapasa na kutomasa ndani yake kunalileta karibu zaidi.

Najua kuna msomaji anasema: lakini kitabu kinasomwa kwa macho, maneno hayana uzito, unataka mwandishi afanye muujiza? Hapana. Nataka vitenzi. Siku hizi nasoma hadithi fupi nyingi za Kiswahili, mtandaoni na kwenye mashindano, na mhusika akikutana na kitu anakitazama. Anatazama barua, anatazama mlango, anatazama maiti ya mama yake. Akizidi sana "anagusa". Waandishi wetu wanaandika kama kamera, na sababu naijua, maana mimi ni mwandishi wa habari na kazini kwetu shahidi ni yule aliyeona kwa macho yake. Sijawahi kusikia mhariri akimuuliza mtu, "Ulikishika? Kilikuwa kizito?"

Wakati huohuo Tabora yenyewe imejaa watu wanaoishi kwa ujuzi huo. Mkulima wa tumbaku anapopanga majani yake kwa madaraja, rangi ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kiganjani: jani likikauka kupita kiasi linavunjika, likiwa na unyevu mwingi litaoza kwenye robota, na lililo sawa linakunjika kisha linarudi taratibu. Mnunuzi wa asali anaifikicha kati ya vidole kabla hata hajaionja. Mama anayeuza maembe anatomasa moja, anakwambia hili la leo, hili la keshokutwa. Hayo si mapambo ya kuupa mkoa "ladha" kwenye hadithi. Ni namna ya kufikiri, yenye usahihi wake na makosa yake, na bado haijapata mwandishi wake.

Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda na kurudi pwani kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka. Walikuwa wafanyakazi mashuhuri kuliko wote kwenye njia ile, na kurasa walizoziandika kwa mkono wao wenyewe ni chache mno. Wamebaki ndani ya vitabu vya waliowatazama na waliowalipa. Mwandishi atakayetaka kuwaandika leo ataanza na nini? Ushauri wangu ni aache bendera na mstari mrefu juani. Aanze alfajiri, mizigo ikiwa bado chini, mtu mmoja ameinama anaingiza vidole chini ya kamba, ananyanyua kidogo tu ili ajue.